Mstari wa viwango vya kujiua ukiruka ghafla, nini kimebadilika?

KaskaziPemba: Assalamu alaikum. Nina mchoro wa Japani, mwaka 1998 mstari unaruka. Wa Sri Lanka unapanda sana, halafu unaporomoka. Nitajuaje kama watu ndio waliobadilika au ni hesabu tu? Na Pemba tunaweza kuchora wetu?

Bi_Darajani: Waalaikumu salaam. Sababu ziache kwanza, uliza nani anaandika cheti cha kifo. Uingereza, Julai 2018, kiwango cha ushahidi anachohitaji mchunguzi wa vifo kuamua kwamba mtu kajiua kilishushwa; mruko wa baada ya hapo usiusome kavukavu. Kisha tazama safu ya vifo ambavyo nia haikujulikana. Kujiua kukipungua na safu hiyo ikinenepa kwa kiasi kilekile, hakuna aliyeokoka, karatasi zimehamia droo nyengine. Kwetu jamaa wakitaka sitara, kifo huenda kikaandikwa ajali.

MzeeWaTakwimu: Wa Japani ni wa kweli: vifo 24,391 mwaka 1997, mwaka uliofuata 32,863. Mabenki yalianguka mwishoni mwa 1997, na walioongezeka zaidi ni wanaume wa makamo. Havikushuka chini ya 30,000 mpaka 2012.

Sri Lanka ilifika kama 47 kwa kila watu 100,000 mwaka 1995. Dawa kali za kilimo zilipigwa marufuku kwa awamu, 1984 na 1995, na kiwango kikashuka zaidi ya nusu. Lakini waliolazwa hospitali kwa sumu hawakupungua hivyo. Waliofariki ndio waliopungua. Basi mstari huo haupimi huzuni ya nchi, jamani!

KaskaziPemba: Na Pemba?

Bi_Darajani: Sensa ya 2022 imetoa watu kama 543,000. Tuseme vifo 5 mwaka huu: 5 ÷ 543,000 × 100,000 = 0.92. Mwakani viwe 8, unapata 1.47. Watu watatu tu, na gazeti litaandika "ongezeko la asilimia 60". Unganisha miaka mitano mitano, wanaume mbali na wanawake mbali.

Na usigawie idadi ya sensa ya zamani. Zanzibar ilikuwa 1,303,569 mwaka 2012, ikawa 1,889,773 mwaka 2022. Ukigawia ile ya kwanza vifo vya 2022, umejizidishia kiwango kwa asilimia 45.

MzeeWaTakwimu: Ukitulinganisha na Japani, sawazisha umri kwanza, yaani hesabu kama kwamba nchi zote mbili zina mgawanyo uleule wa umri. Wao wazee wengi, sisi watoto watupu.