Vioo vinavyojitia giza vyenyewe: nichukue chapa gani kati ya hizi nne?

Machweo:
Wakuu habari za jioni. Tunakarabati sebule, nikaona nimalize kabisa na suala la jua. Sebule inatazama magharibi, ina kioo kimoja kipana kuanzia sakafuni na viwili vya pembeni. Kuanzia saa tisa alasiri televisheni haionekani, na kochi la ngozi limeshapasuka upande mmoja kama kisigino. Mapazia mazito mke wangu hataki kuyasikia, anasema hakuhamia kwenye mandhari ili aangalie kitambaa. Lipo pia dirisha la bafuni linalotazamana na ngazi za jirani, nalo nataka nilimalize humohumo.

Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Nimebaki na majina manne: SageGlass, View, Suntuitive na Smart Tint. Hii ya mwisho ni ya kubandika, sitang'oa kioo, kwa hiyo moyo umeelekea huko. Nani katumia? Ipi bora?

Bundi:
Ngoja wajuvi waje, nimekaa hapa pembeni.

FundiAluminiamu:
Mkuu, usianze na chapa. Hayo majina manne ni teknolojia tatu, na kila moja ina kazi yake.

SageGlass na View ni elektrokromiki. Kioo kina tabaka jembamba sana la oksidi ya tungsteni. Umeme wa volti chache ukisukuma ioni za lithiamu (chembe ndogo zenye chaji) zikaingia humo, kioo kinakolea bluu. Ukigeuza umeme zinatoka, kinatakata. SageGlass kwa mfano hushuka kutoka kupitisha mwanga kama 60% hadi 1%, na hapo bado unaona nje. Hivi ndivyo vinavyopambana na joto.

Suntuitive haina waya wala swichi. Jua likikipasha kioo moto kinakolea, kikipoa kinarudi. Huwezi kukiamrisha: siku yenye ubaridi na jua kali la machoni kinaweza kukutazama tu.

Smart Tint ni PDLC, yaani fuwele za kimiminika ndani ya plastiki. Ukiwasha umeme inakuwa angavu, ukizima inakuwa nyeupe kama maziwa. Hiyo ni ya kuficha watu. Kwa sebule yako utakuwa umenunua pazia jeupe la umeme.

mama_wawili:
Kaka Machweo, msikilize fundi. Sisi tulibandika filamu ya aina hiyo, kampuni siitaji, kwenye chumba kinachopigwa jua la jioni. Siku ya kwanza tulikuwa kama watoto: washa, zima, washa. Siku ya tatu, saa kumi jioni, nikaweka kiganja kwenye kioo upande wa ndani. Moto! Chumba kizima kimejaa weupe, hujui jua lenyewe liko wapi, macho yanauma. Umeme ukikatika mchana inakuwa nyeupe yenyewe, mandhari kwaheri. Baada ya miezi kadhaa pembeni kukatokea kiwingu kisichoondoka hata ukiwasha.

FundiAluminiamu:
Dada, dirisha lilizibwa pembeni kwa ile silikoni inayonuka siki?

mama_wawili:
Hiyohiyo! Yule fundi alisema silikoni ni silikoni.

FundiAluminiamu:
Ndiyo iliyokula filamu. Ile harufu ni asidi. Kwenye PDLC hutumika silikoni isiyo na asidi, na kioo hakisafishwi kwa dawa yenye amonia. Unyevu nao huingilia kulekule ukingoni, ndiyo maana Machweo bafuni asibandike. Kama lazima iwe PDLC, achukue ile iliyokwisha kufungiwa katikati ya vioo viwili kiwandani.

Tochi:
Nafanya kazi kwenye jengo lenye vioo vya elektrokromiki, mwaka wa nne sasa. Navipenda, ila muuzaji atakuja na sampuli ya ukubwa wa daftari inayobadilika ukiitazama. Usidanganyike. Kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyochelewa. Cha karibu na meza yangu kinachukua kama robo saa, kinaanza kukolea kingoni, katikati kunafuata mwisho. Wingu likipita na kurudi hakikimbizani nalo. Tena mwanga unaoingia una rangi ya bluu, mchana wa kwanza nilihisi kama niko ndani ya bwawa. Sasa hata sioni.

Kama umewahi kupanda Boeing 787, vidirisha vyake vya kubonyeza ni ukoo huohuo. Vya kwao vinatengenezwa na kampuni ya Gentex na vina jeli ndani.

La mwisho: usiku ukiwasha taa, aliye gizani nje anakuona. Kioo kinakuwa kimevaa miwani ya jua tu, hakijavaa pazia. Mke wako alijue hilo mapema.

Machweo:
Duh. Kwa hiyo sebuleni nibaki na SageGlass au View?

Kinyonga:
View iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika Marekani Aprili 2024, ikatoka ikiwa kampuni binafsi. SageGlass iko chini ya Saint-Gobain ya Ufaransa, kampuni ya vioo tangu 1665. Sisemi kioo cha View ni kibovu. Nasema pamoja na kioo unanunua kontrola (kifaa kinachokiamrisha kioo), nyaya na programu, na kontrola ikifa baada ya miaka 10 lazima kuwe na mtu wa kumpigia.

Muulize muuzaji, akujibu kwa maandishi: waranti ya kioo na ya vifaa vya umeme ina miaka sawa? Swichi ya ukutani inafanya kazi intaneti ikikatika? Kioo kimoja kikipasuka, kipya kitafanana rangi na vilivyobaki? Na la kwanza kabisa: anakubali oda ya vioo vitatu? Hawa wawili wamezoea majengo makubwa.

Bundi:
Mimi si mjuvi ila nina nyumba ya magharibi. Upenu haukusaidia maana jioni jua linaingia limelala. Nilichoweka ni luva, yale mabapa membamba yanayopangwa kwa nafasi, za kusimama wima, kwa nje. Jua linakwama kabla halijagusa kioo. Hakuna waranti ya kusoma.

Tochi:
Bundi ana hoja, lakini mke wa jamaa anataka mandhari. Luva zinakata picha vipande.

Machweo:
Nimewasomea uzi wote hapa nyumbani. Tumeamua hivi: bafuni kioo cha kawaida kisichoonyesha sura, basi. Vya pembeni sebuleni luva za nje. Kile kikubwa cha katikati ndicho nitakiombea bei ya elektrokromiki, nikianza na SageGlass na maswali ya Kinyonga. Wakikataa oda ya kioo kimoja naenda Suntuitive. Smart Tint nimeifuta.

FundiAluminiamu:
Hapo sawa. Ila hata kabla hujapata jibu, pitisha bomba la waya kutoka kona ya fremu mpaka mahali utakapoweka kontrola, na mahali penyewe pawe na mlango wa kufungulia. Ukishapiga plasta utabomoa tena.

Machweo:
Plasta ni kesho asubuhi. Ngoja nimpigie fundi sasa hivi.