Darasa la tatu muziki nianzie wapi, mapigo au do re mi?

MwlAlto_Igoma
Habari zenu wadau. Nafundisha darasa la tatu huku Igoma, Mwanza, na muhula huu nimekabidhiwa Sanaa na Michezo upande wa muziki. Mwenyewe naimba alto kanisani, do re mi nasoma bila shida, ila kumwelewesha mtoto wa miaka 8 ndo kazi. Mapigo na mdundo kwao ni kitu kimoja, halafu nikisema tupandishe sauti darasa zima linapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani anachungulia. Kinanda hatuna, gitaa hatuna. Nianze na nini wajameni?

Mpigangoma_Kisesa
Mwalimu anza na mapigo, tena wakiwa wamesimama, daftari zibaki kwenye mabegi. Pigo ni pale mguu unapokanyaga, linaenda sawasawa mwanzo mpaka mwisho hata kama hakuna anayeimba. Mdundo ni jinsi maneno yanavyokaa juu ya hayo mapigo, mengine mafupi mengine yanavutwa. Gawa darasa, nusu wakanyage tu, nusu wapige makofi kwa silabi za majina ya samaki wanaowajua. "Sa-to" ni makofi mawili, kila kofi na pigo lake. "Da-gaa" hapo gaa inavutwa mapigo mawili. Wakishazoea wabadilishane, waliokuwa wanakanyaga wapige makofi, utaona wenyewe wanagundua kwamba miguu haibadiliki ila makofi yanabadilika, na hapo ndo unawatajia majina, sio kabla.

Kasi nayo usiieleze kwa mdomo. Huku usukumani bugobogobo ilikuwa ngoma ya kulimia, majembe yote yanapanda na kushuka pamoja kwa sababu ya ngoma, na ngoma ikikolea mkono nao unakimbia. Wape fimbo fupi waigize kulima, uwapigie dawati polepole kisha haraka. Na kama shule inaweza kupata usafiri wapeleke makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, sio mbali na nyie, wakazione ngoma zenyewe na kusikia habari za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walivyokuwa wanashindana kucheza.

Besi_Kirumba
Naunga mkono ya mapigo. Sasa dada kwenye hiyo ya kelele, tatizo linaisha ukitumia mikono. Kila sauti ya do re mi ina alama yake ya mkono, na alama hizo alizieneza John Curwen, mchungaji wa Uingereza karne ya 19, mfumo wenyewe akiwa ameuchukua kwa mwalimu mmoja wa Norwich anaitwa Sarah Glover, na huyo mama ndo aliibadilisha sauti ya saba, "si", ikawa "ti" ili herufi ya kwanza isigongane na so. Do ni ngumi, mi ni kiganja bapa kimelala, so kiganja kinakutazama wewe, la mkono unaning'inia toka kwenye kifundo.

Usiwape zote saba kwa mpigo. Anza na so na mi tu, watoto wakiitana uwanjani mara nyingi wanaangukia humohumo, baadae ongeza la, halafu do na re. Fa na ti ziache mwisho kabisa mana mi kwenda fa na ti kwenda do ni nusu hatua, yaani sauti zimekaribiana kuliko zile nyingine, hata kwaya za watu wazima zinateleza hapo. Do iweke kwenye F ya kinanda, usiishushe sana kwa sababu sisi wakubwa tunapenda chini na koo la mtoto halipo huko. Kisha waambie waimbe so kwa sauti ndogo kabisa na mkono uwe juu, halafu mi kwa nguvu na mkono uwe chini. Ukirudia hivyo wanaelewa kuwa kupanda ni kitu kingine na nguvu ni kitu kingine. Sauti ya kuanzia itoe kwenye simu, programu za kinanda za bure zipo.

MamaKwaya_Sengerema
Mie hapo kwenye kuchelewesha maandishi sikubali sana jamani, watoto wanapenda kuandika na wanajivunia. Chora mistari chini uwanjani kwa chaki, anza na miwili tu usikimbilie mitano ile ya kuandikia muziki, na vizibo vya soda viwe nota. Kizibo kwenye mstari, kizibo kwenye nafasi, mmoja anapanga mwenzake anaimba. Nota zina majina kwa urefu wake: krocheti pigo moja, minimu mawili, semibrivi manne, kwava nusu pigo, na hizo wafundishe kwa kutembea: krocheti hatua moja, minimu unapiga hatua unasubiri, kwava unakimbia.

MwlAlto_Igoma
Asanteni sana, vizibo naanza kukusanya leo. Mpigangoma, hiyo dagaa inakuwa mapigo matatu si ndio? Kwa hyo naweza kuitumia kufundisha tatu tatu na sato ikawa mbili mbili?

Mpigangoma_Kisesa
Ndio kabisa ila angalia pigo zito. Kwenye sato uzito uko "sa", mguu unakanyaga kwa nguvu hapohapo. Kwenye dagaa uzito uko "gaa", kwa hyo "da" waitamke kabla, mguu ukikanyaga kidogo tu, kisha kanyaga gaa kwa nguvu. Ukiweka uzito kwenye "da" neno linapinda na watoto watakwambia wenyewe kwamba halisikiki vizuri.

Besi_Kirumba
Na nyimbo nyingi za kiswahili zinaanza hivyohivyo, silabi moja kabla ya pigo zito. Wafundishe mapema.