Springi za Citroën 2CV: kwa nini gurudumu la mbele limeunganishwa na la nyuma?

Mwalimu wa Karakana:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaandaa somo la sasipensheni, yaani mfumo wa springi unaolibeba gari juu ya magurudumu, kwa wanafunzi wangu wa ufundi wa magari, na nimekwama kwenye mchoro wa Citroën 2CV, gari dogo la Kifaransa lililooneshwa hadharani kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1948. Katika magari tuliyoyazoea kila gurudumu lina springi yake iliyofungwa peke yake, lakini hapa springi mbili zimelazwa ndani ya mtungi mmoja chini ya kila ubavu wa gari, na kutoka humo ufito mmoja unaenda kwenye gurudumu la mbele na mwingine kwenye la nyuma. Naelewa jinsi kila gurudumu linavyoibana springi yake. Nisichokielewa ni faida ya kuziweka pamoja, na kama faida ipo kweli, kwa nini watengenezaji wengine hawakuufuata mpango huo.

Fundi Chesisi:

Mwalimu, jibu limo katika jambo ambalo michoro mingi hailioneshi vizuri: mtungi ule haukukazwa kwenye chesisi, yaani fremu ya gari. Unaweza kuteleza mbele na nyuma kwa kiasi kidogo, ukizuiwa na vizuizi vyenye unyumbufu kwenye ncha zake. Gurudumu la mbele likipanda tuta, mkono wake, yaani chuma kinacholishikilia gurudumu, huzunguka kwenye egemeo, na kwa kuwa ufito umefungwa chini ya egemeo hilo, huvutwa kuelekea mbele na kuibana springi. Springi nayo huusukuma mtungi mbele, mtungi huuvuta ufito wa nyuma, na kwa sababu mkono wa nyuma umeelekea kinyume na ule wa mbele, mvuto huo hulikandamiza gurudumu la nyuma ardhini. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya nyuma ya gari huanza kuinuka kabla gurudumu la nyuma halijalifikia tuta.

Sasa tazama muda. Umbali kati ya ekseli za 2CV ni mita 2.4, hivyo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gurudumu la nyuma hulifikia tuta takriban moja ya saba ya sekunde baada ya la mbele. Katika gari fupi la kawaida pua hurushwa kwanza, na inapoanza kushuka mkia nao hurushwa, na kubembea huko ndiko kunakowachosha abiria kuliko gari zima kupanda na kushuka kwa pamoja. Ukiupunguza ubembeaji huo, unaweza kutumia springi laini sana, na ulaini ndio uliotakiwa. Pierre-Jules Boulanger, aliyeiongoza Citroën wakati gari hilo linabuniwa, aliagiza liweze kuvuka shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai bila yai kuvunjika. Kwa maoni yangu huu ni uhandisi wa heshima ya juu, kwa sababu ulimpa mkulima mwendo laini kwa kutumia fito, springi na mitungi miwili tu, bila pampu wala bomba lolote.

Waeleze wanafunzi pia kwamba upande wa kushoto haukuunganishwa na wa kulia, na gari halikuwa na stabilaiza, yaani ufito unaounganisha pande hizo mbili ili gari lisilale. Ndiyo maana 2CV hulala sana kwenye kona.

Bi Salma, mhandisi:

Naomba nijibu sehemu ya pili ya swali. Muunganisho wa mbele na nyuma una gharama yake: kadiri unavyolizuia gari kubembea kwenye matuta, ndivyo unavyopunguza uwezo wa springi kulirudisha kwenye usawa linapopakiwa nyuma au linapofunga breki. Katika 2CV tatizo hilo lilipunguzwa na vile vizuizi vya mtungi, lakini halikuisha, na dereva alipewa kitasa cha kurekebisha mwelekeo wa taa za mbele kwa sababu mzigo wa nyuma ulizielekeza juu.

Packard ya Marekani ilikutana na tatizo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Mfumo wake wa mwaka 1955, uliobuniwa na mhandisi William Allison, uliunganisha mikono ya mbele na ya nyuma kwa nondo ndefu za chuma zinazofanya kazi kwa kusokotwa. Mwendo ulisifiwa sana, lakini ililazimu kuongeza nondo fupi na mota ya umeme ya kulisawazisha gari, iliyocheleweshwa kwa sekunde kama 7 ili isihangaike na kila tuta. Utengenezaji wa Packard mjini Detroit ulikoma mwaka 1956 kwa matatizo ya kifedha, na mfumo ukaondoka nao. Baadaye Alex Moulton wa Uingereza alifanya muunganisho kama huo kwa kimiminika katika Morris 1100 ya mwaka 1962, kwani bomba hupita mahali ambapo nondo haipiti.

Mwalimu wa Karakana:

Nawashukuru sana, Fundi na Bi Salma. Je, upo muunganisho wa aina hii ambao wanafunzi wanaweza kuushika kwa mikono? 2CV hatutaipata hapa.

Fundi Chesisi:

Upo, Mwalimu. Tafuta lori la tipa lenye ekseli mbili za nyuma ambalo springi zake za mabapa zimeegemea mhimili mmoja katikati ya ekseli hizo. Ekseli moja ikipanda, springi huzunguka kwenye mhimili na kuikandamiza nyingine, na kwa njia hiyo mzigo hugawanyika sawa kati ya ekseli zote mbili hata barabara ikiwa na mashimo. Rudisha lori taratibu mpaka magurudumu yote ya ekseli ya mwisho yapande mbao zenye unene wa sentimita 10, weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, kisha wanafunzi wapime kimo cha mhimili kutoka sakafuni. Utakuwa umepanda takriban sentimita 5 tu. Ukipanda zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, kagua busha za mhimili, yaani mikono ya ndani ambamo mhimili huzungukia, kwa kuwa huenda zimekwama na springi haizunguki tena.