Naomba ushauri: mtoto wa miaka 7 anayesemwa ana akili nzito

Ndugu zangu, nawaandikia kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mwalimu wa mwanangu wa miaka 7 anataka arudie darasa, kwa kuwa alishindwa mtihani mmoja wa hesabu ulioandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo nyumbani hatuizungumzi. Nilimjaribu kwa njia ya Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri: nikamimina maji ya kikombe kipana ndani ya glasi nyembamba, naye akasema yameongezeka. Lakini katika soko la Kadutu, ninapouza sambaza (samaki wadogo), nikimimina bakuli moja ndani ya mfuko wa mteja, huniambia bila kusita kwamba kipimo ni kilekile. Piaget aliuweka uelewa huo, kwamba kiasi hakibadiliki chombo kikibadilika, karibu na miaka 7, na kwangu mtoto huyu yuko mlangoni kabisa. Mwanasaikolojia mwingine, Vygotsky, naye alisisitiza kuangalia kile mtoto anachoweza akisaidiwa, jambo ambalo mtihani ule haukuligusa. Hata Alfred Binet, aliyetoa kipimo chake cha akili mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada. Je, nikubali arudie, au niombe apimwe upya kwa Kiswahili? Walimu na wazazi mliopitia haya, mlizungumzaje na shule? Nimeitwa Ijumaa.