Presha ya mama haishuki tangu ahamie Kimara. Nyumba inaweza kuhusika?

Binti wa Soni

Habari za humu. Mama yangu ana miaka 63 na presha ya siku nyingi, ila ilikuwa imetulia. Kule Soni, Lushoto, alikuwa anameza amlodipine kidonge kimoja na kipimo kinacheza kwenye 130 kwa 80. Tangu aje kwangu Kimara dawa ni ileile, na hasahau maana vidonge namhesabia mwenyewe, lakini sasa anasoma 155, 160, juzi 164 kwa 96. Kliniki wamemwongezea dawa ya pili.

Tunakaa mtaa wa pili kutoka barabara ya Morogoro. Malori ya mikoani yanapita usiku kucha, yakishika breki unasikia ukiwa kitandani. Nyuma kuna baa, Ijumaa na Jumamosi muziki hadi saa nane usiku. Napikia mkaa kwenye korido kwa sababu uani mpangaji mwenzetu anafulia. Mama analala chumba cha mbele, dirisha linatazama barabarani. Akilifungua, vumbi na kelele. Akilifunga, anaamka amelowa jasho. Kule alikuwa anapanda na kushuka shambani kila siku, huku hatoki, anasema bodaboda zitamuua.

Mume wangu anasema ni umri tu. Je, mazingira ya nyumba yanapandisha presha kweli, au natafuta mchawi?

Nesi wa Zamu

Pole dada. Tuanze na kipimo chenyewe. Anapimwa akiwa ametoka kupambana na daladala? Akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, awe ameshakojoa, na asiongee. Ukiweza pata mashine ya mkononi, umpime asubuhi na jioni nyumbani kwa wiki nzima, uandike, upeleke daftari kliniki. Daktari atalipenda kuliko maelezo.

La pili, magoti. Wamama wengi wakifika mjini wanaanza kununua diklofenaki duka la dawa bila kumwambia mtu. Zile dawa za maumivu zinapandisha presha na zinaweza kuvuruga dawa anazotumia. Muulize taratibu, usimfokee. Na mchuzi wa vidonge vya supu una chumvi nyingi, hata kama chumvi yenyewe humuongezei.

Msomi wa Kijiweni

Mrudishe Soni. Kesi imekwisha.

Binti wa Soni

Akirudi nani atampeleka kliniki, kaka? Wote tuko huku. Nesi, asante, umepatia la magoti. Nimekuta paketi chini ya mto.

Bwana Afya Mstaafu

Binti, mchawi hujamtafuta. Nimekagua nyumba za watu maisha yangu yote ya kazi, na katika maelezo yako kilichonisumbua zaidi ni korido.

Mkaa watu wanauamini kwa kuwa haufukizi macho kama kuni. Lakini unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu mahali pa oksijeni, na moyo unalazimika kufanya kazi zaidi. Kuna na zile chembe laini sana zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Zikikaa huko mishipa inakakamaa na kuvimba kwa ndani. Watu wakisikia moshi wanafikiria kikohozi. Shirika la Afya Duniani lenyewe linakadiria kwamba katika vifo vinavyotokana na moshi wa kupikia, zaidi ya nusu ni vya moyo na kiharusi. Mwaka 2021 lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe hizo hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Korido yenye jiko la mkaa inakiruka kiwango hicho mbali sana, na bado hujaongeza dizeli ya malori.

Kelele nayo usiidharau. Mtu anaweza kusema amezoea, akakoroma kabisa, lakini mwili unaendelea kusikia: lori likinguruma homoni za hofu zinapanda, mapigo yanaongezeka, na presha ambayo ilipaswa kushuka usingizini haishuki. Ulaya walipendekeziwa mwaka 2018 kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45. Breki za lori hazijui habari hiyo.

Jambo jingine ambalo hukulitaja: mnakunywa maji gani? Visima vingi vya Dar vina chumvi. Tafiti za pwani ya Bangladesh zimehusisha maji ya chumvi na presha, ingawa majibu hayalingani, maana madini mengine ndani ya maji hayohayo yanaweza kusaidia. Mtu mwenye presha mimi ningempa ya bomba yaliyochemshwa.

Kwa hiyo fanya hivi: jiko litoke koridoni wiki hii, elewaneni na huyo mpangaji zamu za ua. Gesi ikiwezekana, anza na mtungi mdogo kwa chai na mboga, mkaa ubaki wa maharage, nje. Mama ahame chumba cha mbele. Atembee saa kumi na mbili asubuhi mitaa ya ndani, sio barabarani. Na dawa zote mbili aendelee nazo! Asiache hata kimoja kwa sababu mmehamisha kitanda.

Mkongo wa Kentucky

Miye niko Louisville, Marekani. Huku mitaa ya kusini, ambako wakimbizi wengi tunaishi, chuo kikuu cha hapa kilipanda miti na vichaka zaidi ya 8,000, kikapima damu za wakaaji kabla na baada. Mwaka 2024 wakatangaza kwamba waliozungukwa na miti hiyo kipimo cha uvimbe wa mwilini, kile kinachoendana na hatari ya moyo, kilikuwa chini kwa asilimia 13 hadi 20 kuliko wasiopandiwa. Dada, panda mti.

Bwana Afya Mstaafu

Vizuri, ila wao walipanda miti iliyokwisha kukua. Mwarobaini wa Kimara utampa kivuli ukutani baada ya miaka. Upandwe, lakini kitanda kihame leo.

Binti wa Soni

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Tatizo chumba cha nyuma ndicho kinachopakana na baa.

Bwana Afya Mstaafu

Marahaba. Baa ni siku mbili, malori ni siku saba. Mhamishe nyuma, halafu baa muifuate kwa karatasi. Kanuni za kelele zipo tangu 2015. Andikeni barua majirani kadhaa, msaini wote, mtaje siku na saa, ianzie serikali ya mtaa, kisha kwa afisa mazingira wa manispaa. Ikikwama huko, NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Usiende peke yako, mwenye baa atakwambia una wivu na biashara yake. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.