Tupeane uzoefu: umewahi kutafuta hukumu ya dereva mlevi mahakamani, Tabora au Kigoma?

Mleta mada, Tabora mjini

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Naomba aliyewahi kufuatilia jalada la kesi ya dereva aliyeendesha akiwa amelewa atueleze alivyofanya. Naanza na yangu.

Mdogo wangu alipakiwa kwenye bodaboda barabara ya kwenda Urambo, gari dogo likahama upande wake na kuwafuata. Dereva alishuka anayumba. Kila aliyefika pale alisikia harufu ya pombe. Mdogo wangu alivunjika paja, akalala wodini karibu miezi miwili. Kesi ilifunguliwa, tukaenda mara mbili, ikaahirishwa mara zote mbili, halafu nauli na kuuguza vikatushinda. Baadaye tukasikia dereva amelipa faini na yuko nje.

Tulipoanza kudai bima tukaambiwa tulete PF90, ile fomu ya polisi ya taarifa ya ajali, na nakala ya hukumu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sina chochote mkononi. Mahakamani niliulizwa namba ya kesi, sina. Jina kamili la mshtakiwa, nalijua la utani tu. Nilirudi nyumbani. Safari ya pili nilianzia polisi kitengo cha usalama barabarani, nikapewa namba ya jalada lao, ile yenye herufi za IR katikati, nikadhani nimemaliza. Kumbe polisi wana namba yao na mahakama ina yake. Lakini ile ya polisi ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu ilikuwa imeandikwa juu ya hati ya mashtaka, na karani aliyekuwa zamu siku hiyo (Mungu ambariki) alipitisha kidole kwenye rejista ya kesi za trafiki za mwaka ule mpaka akaipata.

Nikaisoma hati ya mashtaka nimesimama pale pale kaunta. Kuendesha gari kwa hatari na kusababisha majeraha. Pombe haimo. Haimo kabisa, hata kwa neno moja. Dereva hakupimwa siku ile, kwa hiyo hakushtakiwa kwa ulevi. Alikiri kosa lililoandikwa, akalipa faini, akaondoka. Kwa upande wa bima ilitosha, maana hatia ni hatia. Lakini mtu akija kesho kuuliza kama yule bwana ameshawahi kutiwa hatiani kwa kuendesha amelewa, karatasi itasema hapana. Sisi tuliokuwepo barabarani tunajua.

Nyie wenzangu mlitafutaje, na mlikuta nini?

Mama wa Gungu, Kigoma

Pole sana kaka, na mgonjwa apate nguvu.

Mimi nilikuwa kwenye kamati ya wazazi, tunatafuta dereva wa basi la watoto. Akaja kijana mwenye barua nzuri. Siku mbili baadaye mama mmoja akanong'ona kwamba huyo aliwahi kuhukumiwa kwa kugonga akiwa amelewa. Watoto arobaini na kitu ndani ya basi, hatukuweza kulipuuza.

Tulikosea pa kuanzia. Tuliingia kwenye ule mfumo wa polisi wa TMS, tukaweka namba ya leseni, ikatuambia hana deni. Tukafurahi! Mpaka mzazi mmoja aliyewahi kufanya kazi polisi akatueleza kwamba pale unaona faini za barabarani zisizolipwa. Hukumu ya mahakama si deni, haitokei pale. Tukaingia TanzLII, ile tovuti inayoweka hukumu bure, tukaandika jina lake. Likatokea! Kesi nzito, si ya gari hata kidogo. Wajumbe wawili wakataka aondolewe siku ile ile.

Mimi nikasema tusome kwanza mpaka mwisho. Mtu wa kwenye hukumu alikuwa na miaka zaidi ya hamsini wakati wa kesi, mkulima. Kijana wetu alikuwa hajafika thelathini na tano. Majina yale mawili ukiyaita Ujiji sokoni, watageuka watu kumi. Bado nikikumbuka jinsi tulivyokaribia kumharibia mtu maisha, nasikia vibaya.

Mwisho tulifanya jambo ambalo lilitakiwa liwe la kwanza: tulimwita tukamuuliza. Akakubali, ndiyo, alishtakiwa, akatutajia mahakama na mwaka. Tukaandika barua kwa hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakama ile, tukaeleza sisi ni nani na kwa nini tunataka, tukapewa namba ya malipo, tukalipa, tukapata nakala. Alipimwa kwa kipima ulevi, akazidi kiwango, akakiri, akalipa faini na kuzuiwa kuendesha kwa muda. Hakumgonga mtu. Uvumi ulikuwa umemwongezea ajali ambayo haikuwepo.

Hatukumpa basi la watoto. Nilipigia kura hilo na sijutii. Lakini nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, sababu ni ipi na imetoka kwenye karatasi gani.

Dereva wa Kaliua

Mama, umesema jambo linalonigusa. Mimi ndiye mtu wa upande wa pili.

Nimeendesha malori ya tumbaku miaka mingi. Nilipata ajali usiku, nikashtakiwa kuendesha nikiwa nimelewa. Sikunywa. Shahidi aliyesema nimelewa hakuja mahakamani, damu haikuchukuliwa, kesi ikaahirishwa mpaka hakimu akaifuta. Nikaenda nyumbani nikidhani yameisha.

Hayakuisha. Kila tajiri niliyemwomba gari alikuwa ameshasikia. "Wewe si yule mlevi wa lile lori?" Miezi saba sina kazi. Mke wangu ndiye aliyesema niende nikachukue karatasi inayosema kesi ilifutwa. Sikujua kama inawezekana mshtakiwa kurudi kuomba. Inawezekana, na mimi sikuzungushwa kwa sababu nilikuwa na namba ya kesi; nilikuwa nimeiandika nyuma ya hati ya dhamana. Nilipewa nakala ya uamuzi yenye muhuri wa mahakama.

Ninayo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya gari. Tajiri wangu wa sasa aliisoma yote kabla ya kunipa funguo. Madereva wenzangu, kesi ikiisha, kwa namna yoyote iliyoisha, usiondoke mahakamani bila kuomba nakala.

Karani mstaafu

Nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi, ruhusuni niseme yale ninayoyajua kwa mikono yangu.

Mleta mada, ulichokutana nacho ni cha kawaida. Watu huja wakisema "nataka kesi ya ulevi", na karani hana rejista ya ulevi. Ana rejista ya kesi za trafiki, imepangwa kwa mwaka na namba. Ndani yake kosa limeandikwa kwa jina la kisheria. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ina kosa la kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, na ina kosa la kuzidi kiwango cha pombe kwenye damu, ambacho ni miligramu 80 kwa kila mililita 100 za damu. La pili linahitaji kipimo. Pasipo kipimo mwendesha mashtaka huona ushahidi ni mwembamba, huandika kuendesha kwa hatari au kwa uzembe, na pombe inabaki kwenye midomo ya mashahidi. Ndiyo maana usisome hukumu peke yake. Omba na mwenendo wa shauri, usome walichosema mashahidi na maelezo ya kosa aliyoyakiri mshtakiwa. Mara nyingi pombe iko humo ndani.

Ukija, njoo na majina matatu ya mshtakiwa, mwezi na mwaka wa ajali hata kwa kukisia, namba ya gari, na mahali ilipotokea. Mahali ndipo panapotuambia ni mahakama ya wilaya gani. Nimeona watu wa Sikonge wakisumbuka Tabora mjini wiki nzima kwa sababu majeruhi alitibiwa Tabora. Kesi haimfuati majeruhi hospitalini.

Na ukiambiwa faili halionekani, usigombane. Uliza kama kuna rufaa.

Mama Wawili, mkoa wa Kigoma

Shikamoo mzee. Hilo la rufaa lingenifaa sana siku zile.

Mume wangu aligongwa na kufariki mwaka 2014. Dereva alikiri, akafungwa. Nikasema haya, Mungu ameamua. Hata mwaka haujaisha nikamwona sokoni ananunua mawese. Nilitetemeka mpaka nikakaa chini.

Nikaenda mahakama ya wilaya iliyomfunga. Faili hakuna, limekwenda Tabora. Wakati ule Mahakama Kuu haijafunguliwa Kigoma, rufaa zetu zote zilikuwa zinasikilizwa Tabora. Nikauza mbuzi wawili, nikapanda treni Kigoma, nikashuka Tabora simjui mtu. Nilikuwa na namba ya kesi ya wilaya tu. Pale masijala ya Mahakama Kuu walitafuta kwenye rejista ya rufaa za jinai kwa kutumia namba ile, wakaipata siku ile ile.

Hukumu ilikuwa ya Kiingereza. Msaidizi wa kisheria mmoja alinisomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Jaji hakusema kwamba hakumuua mume wangu. Alisema kule chini maelezo ya kosa hayakusomwa vizuri, hivyo kukiri kwake hakukuwa kukiri, na kwa kuwa alikuwa ameshakaa ndani kwa muda, hakuona haki kuanza upya. Niliposikia hivyo nililia, lakini lilikuwa kilio tofauti na kile cha sokoni. Kabla ya hapo niliamini alihonga. Nilikuwa nimeshawaambia hata watoto.

Mwanafunzi wa sheria, Ujiji

Pole sana mama yangu.

Naongeza la mtandaoni tu. TanzLII ina hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, na unaweza kuchuja kwa kanda, Tabora kivyake na Kigoma kivyake, kisha kwa mwaka. Kesi iliyoishia wilayani bila rufaa uwezekano wa kuikuta ni mdogo, kwa hiyo kutoona kitu hakumaanishi mtu ni safi. Aliyekata rufaa ndiye huanza kwenye jina la shauri, halafu "dhidi ya Jamhuri", kwa hiyo tafuta kwa jina la dereva, na jaribu tahajia zote: Hassan, Hasani, Athuman, Othman.

Neno "ulevi" halitakusaidia sana kwenye hukumu za zamani. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Kabla ya hapo hukumu za kuanzia wilayani kwenda juu kwa kawaida ziliandikwa kwa Kiingereza. Mimi huandika "Cap. 168", yaani ile Sura ya 168 kwa Kiingereza, ndipo nachuja.

Na tafadhali, ukishaipata usiirushe kwenye magrupu ya WhatsApp yenye picha ya mtu. Hukumu ni ya wazi, lakini alivyosema Mama wa Gungu kuhusu majina ni kweli tupu, na tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Mleta mada

Mzee karani, nimekusoma mara tatu. Mimi nilichukua hukumu peke yake, kurasa mbili. Mwenendo sikuuomba, sikujua kama upo.

Jumatatu asubuhi nilirudi na barua. Leo wamenipigia. Ukurasa wa tano, kwenye maelezo ya kosa aliyosomewa kabla ya faini, imeandikwa kwamba alikuwa ametoka kilabuni, na yeye akajibu, "Maelezo yote ni kweli." Nimemsomea mdogo wangu kwenye simu. Akaniambia nirudie ile sentensi, nikairudia.