Tupeane uzoefu: Daktari na kijana mbwa mwitu wamekukumbusha nini?

Bint Pangani
Mnaofuatilia hadithi ya kijana mbwa mwitu bila shaka mmeshasoma sehemu ya wiki hii, ambapo mjomba anamfikisha mtoto kwa daktari usiku, akiwa amefunikwa koti hadi masikioni. Nimeirudia kwa sababu ya jambo moja dogo. Daktari hakumuuliza mjomba, "Huyu ana nini?" Alivuta kiti, akakaa hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akamwonyesha kipimajoto kabla ya kukitumia, kisha akamwomba ruhusa ya kumshika mkono ahesabu mapigo. Mimi utotoni nilipelekwa hospitali kwa upele wa shingoni, na daktari alizungumza na mama tangu mwanzo hadi mwisho, huku akinigeuza kichwa kama nazi inayochaguliwa sokoni. Alipotoka nje, mama ndiye aliyenieleza kwamba sitakufa. Je, wewe sehemu hii imekukumbusha nini?

Daktari wa Ng'ombe
Mimi ni daktari wa mifugo, na nataka kumpongeza mwandishi kwa sababu vipimo vyake vinasimama. Joto la nyuzi 38.6 kwa mtoto wa binadamu ni homa, lakini kwa mbwa ni hali ya kawaida kabisa. Meno nayo yalihesabiwa yakafika 42, ambayo ndiyo idadi ya mbwa na mbwa mwitu waliokomaa, ilhali binadamu mzima ana 32. Kwa hiyo daktari yule alikuwa na sababu ya kuacha kumpa dawa ya kushusha homa, kwa kuwa angekuwa anamtibu mtoto asiyeumwa. Kuhusu uzoefu, huku vijijini mimi huletewa watoto wa watu, kwa madai kwamba zahanati iko mbali nami sindano ninazo. Huwa nakataa, na kila nikikataa huonekana mtu mwenye roho mbaya.

Mzee wa Kahawa
Bint Pangani umesema kweli tupu, wengi wetu tulitibiwa bila kusemeshwa.

Kalamu Kavu
Naomba kupingana kidogo. Kwa nini tunasisimkia mbwa mwitu wa Ulaya wakati sisi tuna fisi wa wachawi, na Singida ya miaka ya 1940 ilikuwa na watu-simba, wauaji waliojifanya simba? Ethiopia nako, wahunzi wamesingiziwa tangu zamani kwamba hugeuka fisi usiku. Mwandishi angemweka daktari wake Singida, hadithi ingetuuma zaidi.

Msomaji wa Kisauni
Ndugu Kalamu Kavu, hadithi inatokea katika milima ya Ulaya, sasa unataka fisi afike huko kwa meli? Isitoshe, mambo ya Singida hayakuwa hadithi. Watu waliuawa, kesi zikafika mahakamani na washtakiwa wakanyongwa. Usiyalete hapa kama kiungo cha mchuzi.

Kalamu Kavu
Sijayaleta kama kiungo. Nimesema tu kwamba hofu tunayo ya kwetu. Soma kwanza, kisha jibu.

Mwalimu wa Historia
Wazee wangu, tulieni. Ulaya yenyewe iliwahi kuona jambo linalokaribia sana hadithi hii. Mwaka 1594, mjini Bologna, tabibu na mwanasayansi Ulisse Aldrovandi alimchunguza binti mdogo aitwaye Antonietta, ambaye uso wake wote ulikuwa umeota nywele. Alikuwa amerithi hali hiyo kwa baba yake, Petrus Gonsalvus, mzaliwa wa Tenerife aliyelelewa katika jumba la mfalme Henri II wa Ufaransa kama kitu cha ajabu cha kuonyeshwa wageni. Watoto wa Gonsalvus waliozaliwa na nywele hizo walitolewa kwa wakuu mbalimbali, kama zawadi. Mchoraji Lavinia Fontana alimchora Antonietta akiwa amevaa gauni zuri, mkononi ameshika karatasi inayoeleza asili yake. Kila nikiitazama picha ile najiuliza kama kuna mtu aliyemwomba ruhusa kabla ya kumgusa shavu.

Na miaka michache baadaye, mwaka 1603, mahakama ya Bordeaux ilimhukumu Jean Grenier, kijana wa umri wa kama miaka 14 aliyedai kwamba hugeuka mbwa mwitu na kula watoto. Badala ya kumchoma moto, ilimfungia maisha katika nyumba ya watawa, baada ya madaktari kutoa maoni yao. Daktari wa hadithi yetu ana watangulizi wake.

Mtoto wa Mfugaji
Sikukusudia kuandika, lakini sehemu ile ya mjomba kusimama mlangoni akimkodolea macho mpwa wake imenitoa jasho.

Nilikuwa mdogo, nachunga mbuzi, nikaumwa mguuni na mbwa asiyejulikana mwenyewe. Siku hiyohiyo aliuma pia mtoto wa jirani yetu. Bibi alichoma manyoya ya mbwa mwingine akanipaka majivu kwenye jeraha, kwa kuwa ndiyo dawa aliyoijua. Baba hakuridhika. Alinipeleka zahanati, tukaambiwa chanjo ya kichaa cha mbwa hakuna, tukapanda gari la mnada hadi hospitali ya wilaya. Pale ndipo lilipotokea jambo ambalo sijamsimulia hata mke wangu. Mganga aliyetupokea alichukua kikombe cha maji, akaniwekea mbele, akasema, "Kunywa tuone." Chumba kilikuwa na wagonjwa wengine na ndugu zao, na wote walisogea. Hakuna aliyetazama mguu uliokuwa ukivuja damu, kwa sababu macho yote yalikuwa kooni mwangu, wakisubiri nishindwe kumeza, kama ashindwavyo mgonjwa wa kichaa cha mbwa, ili wajue kama tayari nimekuwa mbwa. Baba yangu mzazi alirudi nyuma hatua moja. Nilikunywa, nikapaliwa kwa woga, na mwanamke mmoja akapiga kelele na kukimbia na mtoto wake mgongoni.

Nilichanjwa hadi dozi zikaisha. Mtoto wa jirani alipelekwa kwa mganga wa kienyeji, jeraha likapona vizuri kabisa, na mvua zilipoanza akaugua akafa. Shuleni mimi niliitwa Mbwa hadi nilipohama. Kwa hiyo daktari wa hadithi alipomgeukia mjomba na kumwambia, "Ama uingie umshike mkono, ama ufunge mlango," nilifunga simu nikatoka nje.

Mama Shufaa
Pole sana, kaka yangu. Na yule mbwa aliishia wapi?

Mzee wa Kahawa
Mbwa wa namna hiyo huuawa papo hapo, hakuna mjadala.

Daktari wa Ng'ombe
Mjadala upo, mzee wangu. Mbwa anayeweza kukamatwa bila hatari hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya hapo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku alipouma.

Msomaji wa Kisauni
Kwetu tuliambiwa tupake pilipili iliyosagwa. Ilisaidia, maana maumivu ya pilipili yalikusahaulisha mbwa.

Nesi Mstaafu
Tafadhalini, msipake pilipili, majivu, kitunguu wala manyoya. Jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huenda kuchanjwa bila kusubiri dalili, kwani dalili zikishatokea kupona ni nadra mno. Na lile la kikombe halikupima chochote. Dalili huchukua wiki au hata miezi kujitokeza, hivyo mtoto aliyeumwa karibuni atakunywa maji vizuri hata kama virusi vimo. Mganga yule alikuwa akiituliza hofu yake mwenyewe.

Kalamu Kavu
Huenda alitaka kuwatuliza waliokuwa chumbani.

Nesi Mstaafu
Kwa gharama ya nani?

Mama Shufaa
Mimi kabla ya sindano humwambia mwanangu ukweli kwamba itauma kidogo. Shangazi yake humwambia haiumi, kisha humpa pipi. Nakiri kwamba pipi ndiyo inayofanya kazi.

Bint Pangani
Turudi kwa kijana wetu. Daktari ameandika kwenye cheti kwamba mtoto ni mzima, lakini damu ameshaituma maabara. Je, mnadhani alifanya sawa kuficha?

Mwalimu wa Historia
Mimi nasema alifanya sawa. Wakuu wa kijiji wakipata karatasi yenye ukweli, mtoto hataulizwa ruhusa tena na mtu yeyote.

Msomaji wa Kisauni
Nami nasema amekosea, kwa kuwa mtaalamu wa maabara ataiona damu ile na siri itatoka kesho. Angeweka tu mfupa mezani, mtoto akiutazama kwa hamu, majibu yangekuwa yamepatikana bila sindano.

Daktari wa Ng'ombe
Damu hiyo ilipaswa kuletwa kwangu. Ningeandika "mnyama ana afya njema", ningetoza ada ya kawaida, na hakuna ambaye angeuliza zaidi.